Kumkatalia Mwalimu kwa Adabu: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Nairobi, Pamoja na Niliyojifunza Java

Ijumaa saa kumi jioni, mabegi yameshafungwa, mwalimu anakuita kando ya mlango wa darasa. "Kesho njoo saa mbili tupange vitabu vya maktaba." Wewe kesho huwezi. Mama yuko zamu, mdogo wako hana wa kubaki naye, na nauli ya kutoka Kayole hadi shuleni haikuhesabiwa kwa Jumamosi. Unamjibu nini?

Wanafunzi wengi ninaowafundisha hujibu "Sawa, mwalimu," wakashika njia, na Jumamosi hawaonekani. Wengine huinamisha kichwa na kunyamaza mpaka mwalimu achoke kungoja jibu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa upande wa Eastlands, tena mlezi wa chama cha drama, kwa hiyo kila muhula nawaomba wanafunzi muda wao. Nakwambia kwa dhati: "sawa" isiyotimizwa hutuumiza kuliko "samahani, sitaweza." Mwalimu aliyeambiwa mapema hutafuta mtu mwingine. Aliyeambiwa "sawa" hufungua maktaba saa mbili na kubaki peke yake na maboksi.

Ninachotaka ujifunze hapa ni kulitamka lile "sitaweza" ukiwa umesimama mbele ya mtu unayemheshimu, naye aondoke akijua kwamba umemheshimu.

Mengi ya haya niliyaona nikiwa mwanafunzi Yogyakarta, kisiwani Java. Nilikwenda kujifunza Kiindonesia kwa ufadhili wa Darmasiswa, mpango ambao serikali ya Indonesia iliuanzisha mwaka 1974 kwa wanafunzi wa kigeni. Nilipanga nyumba moja na wanafunzi Wajava, na jambo lililonivutia kuliko hekalu au soko lolote lilikuwa jinsi walivyozungumza na wahadhiri wao.

Kijava kina daraja za usemi. Ngoko ni ya marafiki na wadogo zako, krama ni ya wakubwa na watu wa heshima, na katikati iko madya. Daraja ikibadilika, maneno yenyewe hubadilika. Rafiki anapokula, unasema mangan. Ukisema kwa adabu kwamba wewe mwenyewe unakula, ni nedha. Mwalimu akila, ni dhahar, na mwanafunzi akijitumia neno hilo la dhahar amejikweza, kila aliye karibu atasikia. Darasani chuoni wanatumia Kiindonesia zaidi, lakini mazoea ya krama huingia nayo: sauti inashuka, mwalimu haitwi bila Pak akiwa mwanamume au Bu akiwa mwanamke, mikono inakutana mbele, chini ya tumbo, mkao wanaouita ngapurancang. Na anayekataa huanza kwa kuomba msamaha. "Nyuwun pangapunten, Pak, kula mboten saged." Naomba msamaha, Pak, mimi sitaweza.

Wajava wana neno sungkan kwa ile hali ya kujizuia inayompata mtu mbele ya aliyemzidi cheo au umri: heshima na haya kwa pamoja, hata kama huyo mkubwa hana ukali wowote. Niliitambua papo hapo. Ndiyo hali inayomshika mtoto wa Nairobi anaposimama nje ya ofisi ya walimu, amekunja ngumi abishe hodi na mkono haugongi. Mtoto wa Kijava hupewa mapema maneno ya kuibeba hali hiyo, kwa kusahihishwa nyumbani kila anapokosea. Sisi hapa mara nyingi tunamwachia mtoto haya bila maneno, kisha tunamlaumu kwa kunyamaza.

Kwanza jiulize umeombwa nini

Si kila anachokuambia mwalimu ni ombi la hiari. Insha ya Jumatatu, zamu yako ya kufagia darasa na mtihani wa kati ya muhula ni wajibu wako. Hapo hukatai, unaomba muda au ruhusa, na unaiomba kabla siku haijafika. Mwongozo huu ni wa yale mengine: kupanga vitabu Jumamosi, kuigiza, kuimba kwaya, kuwa kiranja, kumsaidia mwalimu kuhesabu karatasi baada ya vipindi, kusimama mbele ya wageni kutoa shukrani.

Na kuna maombi ambayo hayastahili adabu yoyote niliyoieleza hapo juu. Mwalimu akikuomba uende kwake peke yako, akikuomba picha, namba ya siri ya simu yako au pesa, akikushika mahali hupendi, akikutaka unyamaze kuhusu jambo lililomkuta mwenzako, usitafute msamiati mzuri. Sema "Hapana," ondoka, na umwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 inamhesabu mwalimu anayetumia nafasi yake kumpata mwanafunzi kingono kuwa ametenda kosa la jinai, na namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure, usiku na mchana. Mtoto aliyelelewa kwa heshima nyingi ndiye anayepata taabu zaidi kulitamka neno hilo moja, na ndiyo sababu nalitaja mapema. Lifanyie mazoezi kwa sauti, ukiwa peke yako chumbani.

Tukirudi kwenye maombi ya kawaida, pima uzito. Penelope Brown na Stephen Levinson, wataalamu wa lugha ambao kila anayesomea adabu ya usemi hukutana nao, wanasema uzito wa tendo kama hili hutokana na mambo matatu: mamlaka ya mtu juu yako, umbali kati yenu, na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwalimu wa darasa aliyekujua tangu Kidato cha Kwanza akikuomba upeleke madaftari ofisini na mguu unakuuma, "Mwalimu, samahani, mguu unaniuma, naomba huyu anisaidie" yatosha. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye hamjawahi kuzungumza, akikuteua kwa mashindano ya mjadala ya wiki nzima, hapo unahitaji maneno zaidi, na unahitaji kuyapanga kabla ya kumwendea.

Wapi na saa ngapi

Usimkatalie mwalimu mbele ya darasa. Hata maneno yawe matamu vipi, wanafunzi arobaini wakiwa wanasikiliza, kilichosikika ni kwamba fulani amemkatalia mwalimu. Akikuomba mbele ya wenzako, jibu "Mwalimu, naomba nije nizungumze nawe baada ya kipindi." Hujakubali, hujakataa, na kila mtu amebaki na heshima yake. Lakini lazima uende baada ya kipindi. Ukikaa siku mbili, umegeuza lile ombi la kuzungumza kuwa njia ya kukwepa.

Ofisini, bisha hodi, salimia walimu wote, kisha umwendee wako. Akiwa na mgeni au anasahihisha kwa haraka, muulize kama anaweza kukupa dakika moja. Simama wima, mikono ikionekana, simu ikiwa mfukoni. Kuhusu macho, kuna walimu wanaoona mtoto anayewakodolea ni mjeuri na wengine wanaoona anayetazama sakafu anaficha kitu. Mtazame unapotamka sababu yako, kwingineko teremsha macho kidogo. "Shikamoo" haijazoeleka sana katika shule zetu za Nairobi kama ilivyozoeleka Tanzania au Pwani. Kama huitumii siku zote, usiilete siku ya kukataa peke yake, maana itasikika kama rushwa. "Habari ya mchana, mwalimu" inatosha kabisa.

Maneno yenyewe

Mwaka 1990 mtafiti wa lugha Leslie Beebe na wenzake walichambua jinsi Wajapani na Wamarekani wanavyokataa, wakazivunja kauli zao vipande vipande: shukrani, majuto, sababu, ahadi ya wakati mwingine, pendekezo la njia nyingine, na lile neno lenyewe la kukataa. Watafiti wa Indonesia wamevitumia sana vipande hivyo kuwachunguza wanafunzi wao. Kwangu mimi faida yake ni ya kazi ya mikono: ukishajua vipande, unaweza kuvipanga.

Mpango ninaowafundisha wanafunzi wangu ni huu. Anza kwa kumwita mwalimu na kumshukuru au kumwomba radhi. Kisha tamka kwamba hutaweza. Kisha sababu moja. Kisha unachoweza kufanya badala yake. Kwa yule wa maktaba:

"Mwalimu, asante kwa kunifikiria. Samahani sana, kesho sitaweza kuja. Mama yuko zamu na mimi ndiye ninayebaki na mdogo wangu. Jumatatu wakati wa chakula cha mchana nitakuja nipange rafu za fasihi."

Chini ya nusu dakika. Jizoeze kuyasema kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu woga hutufanya tuyamwage yote kwa pumzi moja, na mwalimu anabaki ameshika neno "mama" tu.

Sababu ndiyo roho ya jambo lote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Wenzangu wa Yogyakarta walipomkatalia mhadhiri, mara nyingi walitaja wajibu mwingine uliowafunga: mzazi mgonjwa kijijini, kazi ya mhadhiri mwingine, au rewang, ule utaratibu wa majirani kwenda kusaidia kupika na kuandaa nyumba yenye harusi au karamu. Mhadhiri aliyezaliwa huko anajua kwamba asiyekwenda rewang leo atapika peke yake siku yake ikifika. Sababu ya namna hiyo inamwambia mwalimu kwamba hukumdharau. Umeshikwa na deni la watu wengine. Nasi tunayo madeni kama hayo. Mwanafunzi Msabato hawezi Jumamosi. Mwislamu wa Eastleigh hawezi kubaki kwenye mazoezi saa ya swala ya Ijumaa. Kuna maziko mashambani, kuna kibanda cha chapati kinachomngoja jioni, kuna mtoto wa kuchukuliwa shule ya chekechea. Yataje. Wanafunzi wengi wanaona aibu kutaja kibanda cha chapati, wakabuni homa. Mwalimu mwenye akili timamu huheshimu kibanda, na homa ya uongo hudai homa nyingine wiki ijayo. Msiba wa bibi ambaye yu hai usiuguse kamwe.

Sababu moja inatosha. Ukitoa tatu, mwalimu ataijibu iliyo dhaifu.

Nikupe mfano wa kweli. Msichana wa Kidato cha Tatu nilimtaka awe mhusika mkuu katika mchezo wetu wa tamasha la drama. Sauti alikuwa nayo, na uso unaobadilika bila kulazimishwa. Mazoezi yalikuwa yaishe saa moja usiku. Alinijia ofisini siku iliyofuata, kabla sijaandika majina, akasema: "Mwalimu, nimefurahi uliponichagua, na nimeusoma mchezo wote jana. Niwie radhi, sitaweza kuuchukua uhusika huo. Saa moja Jogoo Road huwa imejaa, nafika Umoja giza limeingia na natembea peke yangu kutoka steji. Baba amekataa. Lakini saa za mapumziko nipo, naweza kuwa nawakumbusha wenzangu mistari." Sikuwa na la kubishana. Alikuwa ameusoma mchezo, ametaja barabara na saa, ametaja aliyeamua, na ameniachia kitu mkononi. Niliuhamisha uhusika kwa mwingine siku hiyo hiyo, yeye akashika kitabu cha mistari muhula mzima, na sikuwahi kuwa na mkumbushaji makini kama yeye.

Lile la "nimeusoma mchezo wote jana" hakulitoa kwenye mpango wangu wowote. Lilikuwa lake, na ndilo lililonigusa kuliko yote.

Upole usigeuke ukungu

Hapa ndipo ninapoachana kidogo na Java. Kijava kina "inggih", ndiyo ya heshima, ambayo mwanafunzi huitikia mkubwa anapozungumza. Mara nyingi maana yake ni "nakusikia" na si zaidi. Kina pia "dereng saged", bado sijaweza, ambayo huchukua nafasi ya "siwezi" ili mlango usifungwe kwa kishindo. Mwenyeji huyapambanua kwa sauti, kwa kituo kirefu, kwa tabasamu. Lakini hata Wajava wenyewe wana msemo wa kumsuta mtu wa namna hiyo, "inggih-inggih ora kepanggih": ndiyo, ndiyo, halafu haonekani. Niliusikia kwa mhadhiri aliyekuwa amengoja wanafunzi wake bure, na nilijua kwamba ningekuja kuukumbuka nikiwa na darasa langu.

Sisi tuna "nitajaribu", "tutaona", na "Inshallah" ya mtu ambaye hana nia ya kuja. Nairobi ni mji wa watu wa makabila na lugha nyingi, waliokutana jana tu. Mwalimu wako alikulia Kitui, wewe Huruma, naibu mkuu Kakamega. Hamna sauti moja ya kupambanuana nayo. Kwa hiyo chukua upole wote wa Mjava, msamaha wa mwanzo, sauti ya chini, mikono iliyotulia, lakini katikati weka neno lisilo na shaka: "sitaweza." Ahadi ni deni, na "nitajaribu" masikioni mwa mwalimu ni ahadi.

Kitenzi chenyewe kina uzito wake. "Sitaki" inafunga moyo. "Siwezi" ni sawa. "Sitaweza kuja kesho" ni bora, kwa sababu umekataa kesho tu, hukumkataa mwalimu. "Ningeweza ningekuja" inafaa ikifuatwa na sababu. Ikiachwa peke yake inasikika kama kejeli. Epuka "wewe" na "unanitaka", sema "mwalimu" mahali ambapo ungesema "wewe": "Nilikuwa nimemwahidi mwalimu wa Hisabati kabla mwalimu hajaniomba."

Na Sheng iache mlangoni. Mjava akigeuka kutoka kwa rafiki kumkabili mwalimu, anahama ngoko na kuingia krama katikati ya pumzi, bila kuambiwa. Wewe pia una uwezo huo. Umetoka kumwambia mwenzako "Zii, siendi," na hatua tatu mbele unasema "Samahani mwalimu, sitaweza kwenda." Sheng ni lugha yenu na naipenda kwenye michezo yetu ya jukwaani. Mbele ya ombi la mwalimu inamweka kwenye kiwango cha rika lako, naye hakuomba kuwa rika lako.

Kwa simu

Siku hizi maombi mengi huja kwenye kundi la WhatsApp la darasa au kupitia kiongozi wa darasa. Vyuo vya Indonesia hutoa miongozo kabisa ya kumwandikia mhadhiri: salamu, kuomba radhi kwa kumsumbua, jina na darasa, jambo lenyewe, shukrani. Usidhani namba yako imehifadhiwa. Andika kwa mwalimu mwenyewe, si kwenye kundi, na kabla ya saa tatu usiku:

"Habari ya jioni, mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Mimi ni (andika jina lako), wa Kidato cha 3 Mashariki. Nimeona jina langu katika orodha ya kwaya ya Jumapili. Nasikitika sitaweza kuimba siku hiyo, tuna ibada ya ukumbusho wa babu nyumbani. Nimeongea na mwenzangu wa sauti ya pili na yuko tayari kushika nafasi yangu ukikubali. Asante, mwalimu."

Maneno kamili, bila "cjui" wala "xaxa". Usitume picha ya kucheka baada ya "nasikitika." Akikujibu kwa "Sawa" kavu, usiingie na maelezo mapya, walimu huandika kwa kifupi wakiwa kwenye matatu.

Akishikilia

Wapo watakaosema, "Lakini wewe ndiye ninayekutegemea." Hilo ni gumu kwa sababu ni sifa. Ipokee: "Asante, mwalimu, nimesikia." Kisha rudia sababu ile ile kwa maneno machache kuliko mwanzo: "Kesho mdogo wangu hana mtu mwingine." Usitafute sababu mpya, na usipandishe sauti. Akiuliza mara ya tatu, mpe njia ya mzazi: "Naomba mwalimu azungumze na mama, namba yake iko kwenye faili." Hapo jambo linatoka mabegani mwako na kwenda kwa watu wazima wawili, mahali panapostahili. Mwambie mama jioni hiyo hiyo, asije akapigiwa simu akiwa hajui lolote.

Akikasirika, vumilia. Mwalimu naye ana mwalimu mkuu anayemngojea, na hasira ya Ijumaa mara nyingi haifiki Jumatatu.

Jumatatu hiyo, mtafute wewe kabla hajakutafuta. Muulize maktaba ilikwendaje, kisha saa ya chakula cha mchana nenda ukapange zile rafu za fasihi ulizosema utazipanga.